Kilo Ninazobeba Mwenyewe

Mtengenezaji akiandika kwamba kompyuta mpakato yake ina uzito wa kilo 1.13, hasemi uongo, ila amepima mashine tupu. Hakuweka chaja, wala waya mnene wenye plagi ya pini tatu, wala betri ya akiba, wala vikorokoro vinavyohitajika ili mashine ile ifanye kazi hadi jioni mahali ambapo umeme umekatika tangu asubuhi. Mimi ni mkaguzi wa hesabu za vyama vya ushirika, na uzito ninaoujali ni ule unaofika nami kwenye ofisi ya chama baada ya basi, bodaboda na mwendo wa miguu.

Safari zangu nyingi ni za kusini, kwenye korosho: Tandahimba, Newala, Masasi, Ruangwa, mara mojamoja Liwale. Msimu kwa kawaida hufunguliwa Oktoba, korosho zinapelekwa ghalani kwa mfumo wa stakabadhi, mnada unapigwa, fedha zinaingia chamani na kugawiwa wakulima. Mkaguzi anafuata baadaye. Anakuta leja, vitabu vya stakabadhi, hati za benki na orodha ndefu ya malipo, na aghalabu hakuna meza ya pili. Meza iliyopo ni ya katibu. Wewe unapewa benchi, au unakaa juu ya gunia tupu lililokunjwa, vitabu vinafunguliwa pembeni yako sakafuni na kompyuta inakaa mapajani kutwa nzima. Mtu anayetaka kujua kama mashine inafaa kwa safari na aifanyie kazi hivyo siku moja. Dukani zote ni nyepesi.

Laptopu ya kwanza kupewa na mwajiri ilikuwa ya inchi 15.6, na ukiiunganisha na chaja yake iligonga karibu kilo 3. Kwa ofisini ilikuwa nzuri sana: kibodi pana yenye safu ya namba upande wa kulia, kioo kikubwa, matundu ya kila aina. Nilipoanza kuzunguka nayo nikaona kwamba bega kuuma ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kwamba uzito ndio unaoamua kompyuta ikae wapi. Kwenye basi lililojaa, begi zito halikai mapajani kwa saa nane. Konda anakuja kwa upole kabisa: "Mama, hilo begi lete tuliweke kwenye buti, utachoka." Mwenzangu mmoja alikubali. Tulipofika, begi lake lilikuwa chini ya magunia ya mtu aliyepandia njiani, na kioo kilikuwa kimepasuka kutoka pembe hadi pembe. Fundi aliokoa diski, lakini kazi ya wiki ile ilisimama, na wakulima waliokuwa wakisubiri taarifa ya ukaguzi ili waitishe mkutano mkuu walisubiri zaidi.

Tangu hapo, kila ninaposhika laptopu ya mtu ili nitoe maoni, swali langu la kwanza si prosesa wala ukubwa wa diski. Nauliza: njiani, hii itakaa wapi? Iliyo nyepesi inakaa na mwenyewe. Unapanda nayo, unashuka nayo kituo cha chakula, unaingia nayo msalani, unaiweka chini ya mto nyumba ya wageni. Ndani yake mna majina ya watu, kilo walizouza, namba zao za akaunti za benki na makato yao. Hizo si takwimu za kuachwa kwenye buti.

Wasafiri wa ndege walilipata somo hilo kwa namna nyingine. Machi 2017 Marekani ilipiga marufuku abiria kuingia na vifaa vya elektroniki vinavyozidi ukubwa wa simu ndani ya ndege zilizotoka moja kwa moja viwanja 10 vya Mashariki ya Kati, Uturuki na Afrika Kaskazini, vikiwemo Dubai, Doha na Istanbul, njia ambazo watu wa kwetu wengi hupitia. Uingereza nayo ikatoa marufuku yake kwa orodha tofauti ya nchi. Laptopu zikalazimika kusafiri na mizigo ya chini. Baada ya miezi michache marufuku ya Marekani iliondolewa, uwanja mmoja baada ya mwingine, lakini waliosafiri wakati ule na mafaili ya kazi wanajua jinsi mtu anavyokaa saa 14 angani akiwazia kitu ambacho hakipo mkononi mwake. Katika hali ya kawaida sheria inakwenda kinyume chake: betri za akiba na pawabenki haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini, lazima ziwe kwenye begi la mkononi, na kikomo cha kupita bila kuomba kibali ni wati-saa 100 kwa betri. Mashirika mengi ya ndege yanakupa kilo 7 tu za begi hilo. Toa uzito wa begi lenyewe, toa nguo za kubadili na nyaraka, kisha ona laptopu ya kilo 3 inakuachia nini.

Watengenezaji wameusaka wepesi kwa njia nyingi, na si zote zilizotufaa. Mwaka 2007 Asus walitoa Eee PC, kimashine cha inchi 7 chenye uzito usiofika kilo moja na bei ambayo mtumishi wa kawaida angeweza kuifikiria. Rafiki yangu alikipata kutoka Dubai, na ofisi nzima tulikizunguka. Nilikifungulia orodha ya malipo. Kioo kilikuwa na nukta 800 kwa 480. Nikiona jina la mkulima, sioni makato. Nikisogeza nione makato, jina limepotea. Kwa barua pepe kilitosha, lakini mkaguzi anayelinganisha safu ya kwanza na ya kumi na mbili hakimfai hata akipewa bure. Mapema mwaka uliofuata Steve Jobs alisimama jukwaani San Francisco akaitoa MacBook Air ndani ya bahasha ya karatasi: kilo 1.36, kioo cha inchi 13, kibodi kamili. Hapo ndipo nilipoona kwamba inawezekana kupunguza mwili wa mashine bila kupunguza kazi. Bei yake hatukuizungumza hata kidogo.

Iliyonibeba miaka mingi ni ThinkPad X230 ya mtumba. Ilitoka kiwandani 2012, nami niliipata Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, ilipokuwa imeshatumika kwenye kampuni fulani Ulaya. Kioo cha inchi 12.5, uzito wa kama kilo moja na nusu. Haikuwa nyembamba wala ya kupendeza. Uzuri wake ulikuwa kwenye betri inayochomoka kwa mkono: unasukuma vishikizo viwili, betri inatoka, unaweka nyingine, unaendelea. Nilitembea na mbili. Wale waliotaka zaidi walinunua ile kubwa ya seli 9, yenye wati-saa 94, iliyochomoza nyuma ya mashine na kukufanya uibebe kwa kuishika hapo. Kibodi yake ilikuwa na mifereji ya kupitisha kimiminika, na siku katibu wa chama alipoigonga glasi ya chai ya rangi ikamwagikia juu yake, niliipindua, nikaifuta, nikaiacha ikauke hadi siku ya pili, kazi ikaendelea. Vipuri vyake vilipatikana kila mahali. Hata Masasi mjini nilimpata kijana aliyekuwa na feni yake kwenye droo.

Lakini nilipoipima safari yote, picha ilikuwa nyingine. Tandahimba nilimwomba mwenye duka jirani na nyumba ya wageni anisaidie mizani anayopimia sukari. Akacheka, akaifuta, akanipa. Laptopu na betri yake: kilo moja na nusu. Betri ya pili, chaja yenye tofali, waya wa ukutani, kibodi ndogo ya namba ninayoibeba kwa sababu laptopu ndogo hazina safu ya namba, flashi na diski ya nje ya kuhifadhia nakala: ikazidi kilo mbili na robo. Theluthi nzima ya mzigo haikuwa kompyuta. Mwenye duka alisema, "Dada, hivi vya pembeni ndivyo vinavyokuchosha." Alikuwa sahihi, na tangazo lolote la laptopu halitakwambia hivyo.

Mahali pa kwanza pa kupunguza ni kwenye chaja, na hapa teknolojia imetutendea wema wa kweli. Zamani kila kampuni ilikuwa na pini yake, na volti zake 19 au 20. Chaja ikifa Newala, umekwama. Tangu USB-C ilipoenea, chaja moja ya wati 65 inahudumia laptopu, simu na pawabenki, na ile ya wati 65 uliyoazima kwa daktari wa kituo cha afya inakubali pia. Umoja wa Ulaya umeweka sheria kwamba kuanzia Aprili 2026 laptopu mpya zinazouzwa kwao ziwe zinachajika kwa tundu hilo, na kwa kuwa mitumba yetu mingi inatoka huko, faida itatufikia. Kwenye Noah iendayo kijijini, kiadapta kidogo cha tundu la kiberiti chenye uwezo wa kutoa volti 20 kinaijaza laptopu wakati gari linatembea. Chaja ya simu ya kawaida, ile ya volti 5, isikudanganye: tundu ni lilelile, lakini laptopu nyingi zitaikataa au zitajaa polepole kuliko zinavyotumia. Na ukinunua chaja, tazama waya wake wa ukutani. Ule mwembamba wenye kichwa cha namba nane una uzito kama nusu ya ule wa pini tatu unaokwenda kwenye matofali makubwa.

Hesabu ya betri ni hesabu ya shule ya msingi, na inashangaza ni wangapi wanainunua laptopu bila kuifanya. Gawa wati-saa za betri kwa wati ambazo mashine inakula. Kwenye kazi yangu, jedwali likiwa wazi na mwanga wa kioo wa wastani, laptopu nyepesi ya kisasa inakula kama wati 6. Betri ya wati-saa 57 itanipa zaidi ya saa 9, siku nzima ya ukaguzi. Hiyo ni betri mpya. Ya mtumba ina historia, na historia hiyo inasomeka. Kwenye Windows kuna amri, powercfg /batteryreport, inayoandika uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo uliobaki leo. Mbele ya muuzaji ninaiandika, ninasubiri, ninasoma namba mbili. Ikiwa 57 imebaki 40, saa 9 zimekuwa chini ya 7, na bei tuizungumze upya au aweke betri nyingine. Wauzaji waaminifu hawakasiriki. Pawabenki nayo ipigiwe hesabu hiyohiyo: 20,000 mAh kwa volti 3.7 ni wati-saa 74, ondoa zinazopotea katika kubadili volti, unabaki na kujaza mara moja tu, kwa mzigo wa karibu nusu kilo. Siku nyingine nusu kilo hiyo ni ya lazima. Siku nyingine umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, upo kijijini na inaweza kubaki nyumba ya wageni.

Kuhusu kioo, wahakiki wengi husifu rangi. Mimi nitaeleza mkutano mmoja.

Ulikuwa mkutano mkuu wa chama, wanachama wamekaa chini ya mikorosho kwa sababu ofisi haiwezi kuwaingiza wote. Taarifa ilishasomwa. Kulikuwa na manung'uniko ya makato: ushuru, gharama za ghala, mchango wa chama, deni la pembejeo. Mzee mmoja alinyanyuka na fimbo yake akaja hadi nilipokaa. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Nionyeshe mimi. Mimi peke yangu, usinisomee ya watu." Wakati huo nilikuwa nimeazimwa laptopu mpya nyembamba sana yenye kioo cha kung'aa, ambayo ofisi ilikuwa inafikiria kuinunua kwa wingi. Nikamgeuzia. Akainama, akaangalia, akainuka. "Mimi naona uso wangu tu, na majani." Kweli, kioo kilirudisha anga yote iliyopenya kwenye matawi. Nikapandisha mwanga hadi mwisho, haikusaidia. Nikamwomba aingie nami ofisini. Akakataa, na nilimwelewa: ndani ya ofisi ndiko makato yale yalikoandikwa. Alitaka kuyaona hapo nje, mbele ya wenzake.

Nikatoa X230 yangu begini. Kioo chake hakikuwa na mwanga mkali, lakini kilikuwa cha aina isiyong'aa. Akaona jina lake. Akaweka kidole kwenye mstari wake, akaufuata hadi mwisho, akarudi, akaufuata tena. Kilo zilikuwa sawa. Deni la pembejeo lilikuwa limekatwa mara mbili, na yeye ndiye aliyeliona kabla yangu, kwa sababu alizijua namba zake kwa moyo. Tulirudi kwenye leja, na kabla ya jua kuzama wakulima wengine wenye tatizo hilohilo walikuwa wamepatikana.

Sasa mtu akiniambia kwamba kioo kisichong'aa hakipendezi kwenye filamu, nakubaliana naye na naendelea na msimamo wangu. Kiwe cha mati, chenye mwanga wa niti 400 au zaidi, kinachoonekana vizuri hata ukikitazama kwa ubavu, maana mtu wa pili daima yuko ubavuni. Hata hicho hakiwezi jua la moja kwa moja la saa sita. Kwenye kivuli cha mkorosho kinaweza. Na kama ni cha uwiano wa 16 kwa 10 badala ya 16 kwa 9, unapata mistari kadhaa zaidi ya jedwali bila kuongeza upana wa mashine.

Niliyonayo hivi sasa ni ThinkPad X1 Carbon ya 2021, mtumba pia, ile ya kilo 1.13. Mwili wake una nyuzi za kaboni na aloi ya magnesi, na ukiishika kwa pembe moja inajipinda kidogo sana. Inchi 14, betri ya wati-saa 57, kibodi ambayo vitufe vyake vinashuka milimita 1.5, kina kinachotosha vidole kujua vimebonyeza. Imebakiza matundu mawili ya USB ya zamani na la HDMI, kwa hiyo flashi ya katibu inaingia bila kutafuta kiadapta. Pamoja na chaja na vya pembeni, mizani ileile ya sukari ilisoma chini ya kilo mbili. Hasara zake nazijua. Memori imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, haiongezeki. Ukinunua ya GB 8 utakufa nayo hiyohiyo, ndiyo maana nilisubiri ya 16. Betri iko ndani, haichomoki kwa mkono. Fundi wangu wa Kariakoo alinifunulia tumbo lake kabla sijalipa, akanionyesha kwamba betri imeshikwa na skrubu wala si gundi, diski inabadilika, na feni inasafishika. "Mama, hii ukiniletea nitaifungua," alisema. "Zile za gundi huwa naomba Mungu kwanza." Vumbi la uwanda wa Makonde ni jekundu na jepesi, linaingia kila mahali, na feni isiyosafishika itaichemsha mashine mwaka wa pili.

Wapo wenzangu wenye MacBook Air ya prosesa ya M1, iliyotoka mwishoni mwa 2020, na kwa haki nisiifiche sifa yake. Haina feni kabisa, kwa hiyo hainyonyi vumbi. Betri yake ya wati-saa 49.9 inakwenda mbali kuliko yangu kwa sababu prosesa inakula kidogo. Ni kilo 1.29 za mashine imara. Mtu anayefanya kazi kati ya Dar es Salaam na Arusha na anayeweza kurudi mjini ikiharibika, sina la kumpinga. Kwangu inakwama kwenye diski: imeunganishwa kwenye bodi, na bodi ikifa, fundi wa Masasi hana cha kuchomoa ili akupe kazi yako. Zipo pia LG gram za inchi 14, zilizo chini ya kilo moja zikiwa na betri ya wati-saa 72, na kwenye karatasi hazina mpinzani. Mwili wake unabonyea chini ya vidole kuliko ninavyopenda, na vipuri vyake sijavikuta nje ya Dar es Salaam. Kama ningekuwa nasafiri kwa ndege na treni tu, labda ningechukua hiyo.

Mwaka huu niliombwa na ofisi nipitie orodha ya vigezo vya kununulia laptopu za wakaguzi wanaoanza kazi. Ilikuwa na mistari minne: prosesa, memori, diski, inchi za kioo. Zabuni ya namna hiyo inashindwa na mashine ya bei ya chini inayotimiza hiyo minne, na mashine hiyo kwa kawaida ina kilo mbili na zaidi, kioo hafifu na betri ya wati-saa 40. Niliongeza mingine: uzito wa laptopu pamoja na chaja na waya wake usizidi kilo moja na nusu, betri isipungue wati-saa 50 na ishikwe kwa skrubu, ichajike kwa USB-C, kioo cha mati, niti 400, diski inayochomoka, tundu moja angalau la USB ya zamani. Afisa ununuzi aliniuliza kwa nini mkaguzi ahitaji kioo cha mati. Nikamsimulia habari ya yule mzee na deni lake la pembejeo lililokatwa mara mbili. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza swali jingine kuhusu bei, kisha akauacha mstari ule kwenye orodha.